Kucha Zangu, Embarka

Kutoa ni moyo, tunasema.
Hatusemi neno juu ya tumbo linalopokea.

Siku ya Idi, Embarka, nilimpa mwanao mkate.
Kipande tu, kimefukuliwa mchangani kingali na moto,
nikakipaka siagi ya mbuzi
nikamtazama akila, amejibanza nyuma ya mtungi wa gesi,
nikajiambia: mama yake bahili huyu,
ana gunia zima la mgao hemani
na mtoto ana miguu kama njiti za kiberiti.

Siku tatu Tfarah hakusimama.
Ulipita mlangoni kwangu umembeba, tumbo lake ngoma,
ukaenda zahanati, ukarudi, ukanisalimu.
Ukanisalimu!
Salamu ile ilinikaa kooni kama mfupa.

Mkono mtupu haulambwi.
Wangu ulijaa, na ndio uliodhuru.

Usiku wa nne nilikuja. Sikubeba kitu.
Nikasema: ni mimi.
Ulinyamaza muda wa birika kuchemka,
kisha ukachukua kurunzi ukanionyesha jiko.

Sufuria hii yenye uzi mwekundu ni yake.
Mwiko huu, wake. Chekeche hili, wake,
usilishike.
Ngano haiingii humu hata kwenye upindo wa melhfa ya mgeni,
maana upepo wa Auserd hauulizi ruhusa:
huchota vumbi la unga kwa jirani
ukalinyunyiza kwenye uji wa mgonjwa.

Daktari wa ng'ambo alimwandikia mkate maalumu,
mkate wa boksi.
Boksi moja, soko la Rabuni, ni mchele wa juma zima.
"Nilicheka," ulisema,
"nikaikunja ile karatasi mara nne
nikaiweka chini ya mguu wa meza.
Tazama, haiyumbi tena."

Kisha ukaanza kupika, usiku ule ule, kana kwamba nimekuja kwa hilo.
Dengu zilizolowa tangu asubuhi, ukazitwanga.
Mchele wa makombo, uliokaushwa juani na kusagwa.
Unga huu hauna gundi, ukaniambia,
ukiuacha peke yake kila chembe yaenda kwao.
Kiazi kimoja cha kuchemsha, kilichopondwa,
ndicho mshenga.
Chapati ya kwanza ilipasuka. Ya pili pia.
Ya tatu tuliila sisi wawili, tumesimama,
na haikuwa tamu, Embarka, sitakudanganya,
ilikuwa na ladha ya dengu zilizojitahidi.

Tangu hapo mgao ukifika tunabadilishana:
ngano yako yaja kwangu,
mchele wangu na dengu zangu zaenda kwako.
Bakuli kwa bakuli, hatupimi.
Mwezi wa pili ulinipunja. Mwezi wa tatu nikalipiza.
Lehbib naye akasikia, akaja na kijana wake
ambaye yai likigusa tu mdomo, uso wote huumuka;
sasa tuna uzi wa kijani pia,
na mimi, niliyekuwa nikipika nimefumba macho,
nasimama mbele ya sufuria nikikumbuka rangi
kama mtoto wa darasa la kwanza.

Idi imerudi.
Safari hii sinia ni moja: wali, nyama ya ngamia,
karoti, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi kidogo,
hakuna ngano, hakuna yai,
na mikono kumi na mmoja humo ndani
pamoja na ule mdogo.

Lakini kabla ya kuketi alinisimamisha mlangoni.
Ana miaka saba. Mashavu yameanza kujaa.
"Onyesha kucha."
Nikanyoosha vidole. Akavigeuza kimoja kimoja,
akainama, akanusa.
"Asubuhi umekanda mkate," akasema.
Nilikuwa nimenawa. Naapa nilikuwa nimenawa.
"Kanawe tena."

Watu wote wakacheka, wewe hukucheka.
Nikarudi kwenye ndoo.